Kiwambo cha sikio kinapotoboka, mtu mzima hupoteza nini?

WATU wengi wanapoambiwa na daktari kwamba kiwambo cha sikio kimetoboka, huinamisha kichwa kana kwamba wamesomewa hukumu. Hudhani sikio hilo limekufa na kwamba kilichobaki ni kujifunza kusoma midomo ya watu.

Wapo wengine, na hawa ndio wanaowatia madaktari wasiwasi zaidi, ambao hukaa na tundu hilo miaka kumi au ishirini bila kukanyaga hospitalini. Wakiulizwa, husema sikio "linasikia kidogo" na maisha yanaendelea.

Makundi haya mawili yote yanakosea, kila moja kwa njia yake.

Kwanza, sikio lenye tundu husikia. Jambo hili si geni. Mnamo 1800, daktari mpasuaji wa London aliyeitwa Astley Cooper aliwaandikia wanasayansi wenzake habari za kijana mmoja ambaye viwambo vyake viliharibiwa na maradhi tangu utotoni. Kijana huyo alipofumba mdomo, akabana pua na kusukuma pumzi, hewa ilisikika ikitoka masikioni kwa mlio kama wa mluzi. Hata hivyo aliweza kufuata mazungumzo, na isitoshe alikuwa mpiga filimbi hodari.

Kwa hivyo swali la kujiuliza si kama sikio litasikia au halitasikia. Swali ni kiasi gani cha usikivu kimepotea, na kimepotea kwa sababu gani.

Kazi ya kiwambo

Kiwambo ni utando mwembamba mno uliofunga mwisho wa tundu la sikio. Upana wake ni milimita 8 hadi 10, yaani haupiti sana punje ya hindi, na unene wake ni karibu sehemu moja tu ya kumi ya milimita. Umeundwa kwa tabaka tatu: ngozi upande wa nje, nyuzi katikati, na utando laini wenye unyevu upande wa ndani.

Nyuma yake kuna chumba kidogo chenye hewa, ndilo sikio la kati. Humo mna vifupa vitatu vilivyoshikana kama mnyororo: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho kidogo zaidi kati ya mifupa yote ya mwili wa binadamu, na unyayo wake umekalia kidirisha cha sikio la ndani, mahali ambapo neva za kusikia huanzia.

Sasa hapa kuna tatizo ambalo maumbile yalilazimika kulitatua. Sikio la ndani limejaa maji, ilhali sauti huja kupitia hewani. Sauti ya hewani ikigonga maji, karibu yote hurudi ilikotoka. Yeyote aliyewahi kupiga mbizi baharini anajua kwamba akiwa chini hasikii wanachosema walio ufuoni.

Kiwambo na vifupa vyake ndivyo vinavyovuka kikwazo hicho. Sehemu ya kiwambo inayotikisika ni kubwa mara 17 hivi kuliko unyayo wa kikuku. Nguvu iliyokusanywa mahali papana husukumwa mahali padogo, kama vile pigo kwenye kichwa cha msumari linavyomalizikia kwenye ncha yake. Vifupa navyo hufanya kazi ya wenzo na kuongeza kidogo. Kwa jumla, mgandamizo wa sauti huongezeka mara 22 hivi kabla ya kufika kwenye maji.

Ukitoboa ngoma, haivumi vyema tena. Lakini katika sikio mambo yana undani zaidi ya hapo.

Kiwambo hutikisika kwa sababu msukumo wa sauti upande wa nje ni mkubwa kuliko ulio upande wa ndani. Kikiwa na tundu, sauti hupenya na kuanza kusukuma kutoka nyuma pia. Ni kama mlango unaosukumwa na watu walio pande zote mbili: wote wanatumia nguvu, lakini mlango hauendi popote.

Hasara hii huwa kubwa zaidi kwa sauti nzito, kama vile sauti za wanaume na ngurumo za injini, na hupungua kwa sauti nyembamba. Pia huongezeka kadiri tundu linavyopanuka.

Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba mahali lilipo tundu ni muhimu sana, na kwamba la upande wa nyuma ni baya kuliko la mbele. Watafiti wa Boston, Marekani, waliochapisha vipimo vyao mwaka wa 2001, waligundua kwamba mahali si hoja kubwa. Jambo kuu ni ukubwa wa tundu, pamoja na ukubwa wa kile chumba cha hewa kilicho nyuma yake. Mwenye chumba kidogo hupoteza usikivu mwingi zaidi. Hii ndiyo sababu watu wawili wenye matundu yanayolingana wanaweza kupimwa siku moja na kutoa majibu tofauti kabisa.

Kwa desibeli

Usikivu hupimwa kwa desibeli. Mnong'ono wa karibu huwa na desibeli 30 hivi, na mazungumzo ya kawaida 60 hivi.

Tundu dogo laweza kumpotezea mtu desibeli 10 au 15, na huenda asijue kabisa. Tundu kubwa laweza kuchukua 30 hadi 40. Tundu peke yake ni nadra kupita hapo sana. Kwa hivyo kipimo kikionyesha hasara kubwa zaidi, daktari huanza kushuku kwamba vifupa vimekatika au sikio la ndani nalo limeumia.

Hasara ya desibeli 35 katika sikio moja haionekani kuwa kitu mtu akiwa sebuleni kwake. Tatizo huanza anapotoka nje.

Tuseme ni kondakta wa matatu, na sikio lake la kushoto lina tundu. Abiria wa nyuma akisema "shukisha hapo steji", anaisikia sauti lakini hajui imetoka upande gani. Ubongo hutambua sauti ilikotoka kwa kulinganisha masikio mawili, na sasa moja halitoi hesabu kamili. Muziki ukiongezwa, maneno hupotea kabisa na abiria humwona mjeuri. Akishuka kuvuka barabara, bodaboda inayotoka kushoto humfikia kabla hajaisikia.

Karani wa ofisini huhamishia simu sikio la pili bila kujua kwamba amefanya hivyo. Mkutanoni huchagua kiti cha pembeni ili watu wote wawe upande wake mzuri. Nyumbani mkewe hulalamika kwamba anapuuzwa. Wengi huishi hivi kwa muda mrefu kabla ya kukiri kwamba kuna kasoro.

Kuna jambo moja la kutia moyo. Uziwi wa kiwambo ni uziwi wa kupungua kwa sauti, si wa kuvurugika kwa maneno. Maana ya maneno hubebwa zaidi na konsonanti, ambazo nyingi ni sauti nyembamba, na hizo ndizo tundu huzigusa kwa uchache. Mtu akizungumza kwa nguvu kidogo, mgonjwa humwelewa vizuri.

Aliyeumia sikio la ndani hali yake ni tofauti. Yeye husikia kwamba mtu anazungumza, lakini hawezi kutenganisha "paka", "pata" na "pasa". Kumpigia kelele hakumsaidii, kunamuudhi tu.

Msomaji mwenye sikio moja linalosikia vibaya anaweza kujaribu jambo dogo. Afumbe mdomo na kuvuma "mmm". Mvumo ukisikika zaidi katika lile sikio bovu, yaelekea kasoro iko kwenye njia ya sauti: nta, kiwambo au vifupa. Ukisikika zaidi katika sikio zima, huenda sikio la ndani ndilo lililoumia, na asikawie kumwona daktari. Madaktari hufanya mtihani huo huo kwa uma wa chuma unaolia. Si kipimo cha kutegemea peke yake, lakini hakigharimu chochote.

Kofi na fomu ya P3

Miongoni mwa watu wazima, kofi ni chanzo kinachojulikana sana cha viwambo kutoboka ghafla. Kiganja kilicho wazi kikifunika mlango wa sikio, hewa iliyomo hukosa pa kwenda na kukipasua kiwambo. Aghalabu huwa ni sikio la kushoto, kwa kuwa wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia.

Aliyepigwa husikia maumivu makali ya ghafla, kisha mlio kama wa kengele, kisha sikio huziba. Huenda tone la damu likatoka. Wengine hupata kizunguzungu.

Habari njema ni kwamba tundu la namna hii hujifunga lenyewe kwa wanane au tisa kati ya kila watu kumi, mara nyingi katika muda usiozidi miezi mitatu, maadamu sikio halikuingia maji wala viini.

Hapa ndipo penye mtego. Mke aliyepigwa na mumewe, au mfanyakazi aliyezabwa kofi na mwajiri, akingoja wiki sita kabla ya kulalamika, daktari atakuta kiwambo kimeshafunga. Mahakamani atakuwa na maneno matupu.

Sheria ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, inapoeleza madhara mabaya, inataja jeraha la kudumu au kubwa katika kiungo chochote cha nje au cha ndani. Kama kiwambo kilichopasuka kinafikia kiwango hicho ni juu ya daktari na mahakama kuamua. Lakini hawawezi kuamua lolote kama hakuna aliyelitazama sikio hilo mapema. Anayeumizwa aripoti polisi, achukue fomu ya P3, na amwombe daktari aandike ni sikio lipi, tundu lina ukubwa gani, na kama kingo zake zina damu mbichi. Apimwe usikivu wakati huo, na apimwe tena baada ya miezi mitatu.

Mbali na kofi, kuna vijiti. Kijiti cha kiberiti, pini ya nywele, kifuniko cha kalamu, ufunguo wa gari, unyoya wa kuku, na hata vile vijiti vya pamba vinavyouzwa madukani, vyote vimewahi kutoboa viwambo. Mara nyingi mtu huwa anakuna sikio, mtoto au mwenzake akampiga kikumbo. Nta ya sikio hutoka yenyewe polepole, na mwenye nta iliyoziba atolewe hospitalini.

Mafundi wa kuchomelea vyuma wana hatari yao. Cheche ya chuma kilichoyeyuka ikiingia sikioni huunguza kiwambo, na kwa kuwa huunguza pia mishipa ya damu iliyo pembeni, tundu hilo ni gumu kupona. Wengi wao hukinga macho na kuyasahau masikio.

Wapiga mbizi nao huumia wanaposhuka mita chache tu bila kusawazisha hewa, hasa wakiwa na mafua.

Wakazi wa Nairobi wanakumbuka chanzo kingine. Agosti 7, 1998, bomu lililolipuliwa katika ubalozi wa Marekani, katika makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie, liliua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu. Katika mlipuko wa aina hiyo, kiwambo ni miongoni mwa viungo vinavyopasuka kwanza kwa wimbi la hewa. Tundu laweza kuziba baada ya miezi michache. Lakini chembechembe za kusikia zilizo katika sikio la ndani, zikishakufa, hazioti tena. Ndiyo maana mtu aliyenusurika mlipuko huenda akaambiwa kwamba kiwambo chake ni kizima, naye bado asikie mlio usiku kucha na kushindwa kuelewa maneno. Hadanganyi.

Sikio linalotoa usaha

Hata hivyo, watu wazima wengi wenye tundu la kudumu hawakupigwa wala kulipukiwa. Walilipata utotoni, kutokana na maambukizi ya sikio la kati ambayo hayakutibiwa au yalitibiwa nusu nusu. Sikio hutoa usaha, likakauka, likaanza tena kila msimu wa mafua, hadi jamaa wakazoea.

Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wanafunzi wa shule za msingi wilayani Kiambu, na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 1996, ulitoa funzo ambalo bado lina maana. Watoto waliokaushwa masikio na kupewa dawa walipona usaha kwa karibu nusu yao. Waliokaushwa tu bila dawa walipona karibu mmoja kati ya watano, sawa na wale ambao hawakutibiwa kabisa. Kumwambia mtu apanguse tu sikio na kurudi nyumbani hakutoshi.

Lakini dawa ipi? Matone yenye jentamisini au neomisini yanaweza kudhuru sikio la ndani yakipenya kwenye tundu. Matone ya siprofloksasini hayana hatari hiyo, na ndiyo madaktari wengi huyapendelea siku hizi. Anayenunua matone dukani bila sikio kutazamwa anacheza bahati nasibu. Anayetia mafuta ya kupikia, maji ya kitunguu saumu au mkojo, kama wanavyoshauriana watu mitaani, hachezi hata bahati nasibu, kwa maana hakuna tikiti ya kushinda.

Usaha unaonuka vibaya na usiokoma ni jambo jingine kabisa. Huenda ngozi imeota kuelekea ndani ya sikio la kati, ugonjwa ambao madaktari huuita kolesteatoma. Ngozi hiyo hula mifupa iliyo karibu nayo polepole bila maumivu makubwa. Ikifikia neva ya uso, mdomo hupinda. Ikifikia sikio la ndani, mgonjwa hupata kizunguzungu na uziwi usiotibika. Ikipanda juu, hufika kwenye ubongo. Mwenye sikio la usaha akianza kuumwa sana na kichwa, kutapika, kuvimba nyuma ya sikio au kupinda uso, asingoje hadi asubuhi.

Pia kuna kifua kikuu cha sikio. Hutoboa kiwambo bila maumivu, nyakati nyingine mahali zaidi ya pamoja, na hakisikii dawa za kawaida. Daktari aambiwe kama nyumbani kuna mtu aliyeugua kifua kikuu.

Kuziba tundu

Sharti la kwanza ni sikio kuwa kavu. Wakati wa kuoga, mgonjwa aweke pamba iliyopakwa mafuta ya kujipaka ili maji yasipite. Kuogelea kusimame. Maji baridi yakiingia kwenye tundu huweza kuleta kizunguzungu cha ghafla, na mtu akapotewa na mwelekeo katikati ya bwawa. Kupanda ndege, kinyume na wanavyohofu wengi, hakumuumizi mwenye tundu, kwani hewa hupita.

Tundu ambalo halikufunga baada ya miezi kadhaa laweza kuzibwa kwa upasuaji. Kazi hiyo ilishika kasi tangu miaka ya 1950, madaktari wa Ujerumani walipoweka misingi yake wakitumia hadubini. Kiraka hutolewa katika mwili wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi ni utando unaofunika msuli wa panja, juu kidogo ya sikio. Kovu hufichwa na nywele. Katika mikono mizuri, kiraka hushika kwa wanane hadi tisa kati ya wagonjwa kumi.

Jambo ambalo mgonjwa anapaswa kuuliza kabla ya kutia sahihi ni hali ya vifupa vyake. Ikiwa fuawe imeliwa na usaha, mnyororo umekatika. Daktari akiziba tundu bila kuunga mnyororo huo, usikivu waweza kuwa mbaya kuliko awali, kwa kuwa hata ule mlango mdogo ambao sauti ilikuwa ikipitia umefungwa.

Madaktari wa zamani walikuwa na mbinu rahisi ya kutambua jambo hili, na ingali inajulikana. Walibandika kipande kidogo cha karatasi ya sigara juu ya tundu, kisha wakampima mgonjwa. Usikivu ukiongezeka, vifupa ni vizima. Ukipungua, kuna kilichokatika.

Vilevile, mwenye sikio moja tu linalosikia, na ambalo ndilo lenye tundu, afikirie mara mbili. Huyo huenda akashauriwa kutumia chombo cha kusaidia kusikia badala ya kisu. Sikio linalotoa usaha lakini halipendi kufungwa na chombo, kwa hiyo likaushwe kwanza.

Hospitali Kuu ya Kenyatta ina kitengo cha masikio, pua na koo. Katika hospitali nyingi za kaunti huduma hiyo hutolewa na maafisa wa kliniki waliosomea masikio katika Chuo cha Mafunzo ya Udaktari, KMTC. Kulitazama sikio kwa kurunzi yake maalumu ni kazi ya dakika chache, na ndiyo njia pekee ya kujua kama tundu lipo.

Anayetoka kwenye upasuaji huo huwa sikio lake limejazwa vipamba au sifongo ya dawa ili kushikilia kiraka. Kwa wiki kadhaa husikia vibaya kuliko kabla ya kupasuliwa, na wengi huwapigia madaktari simu wakidhani mambo yameharibika. Asipenge kamasi kwa nguvu, na akipiga chafya afungue mdomo. Kipimo cha kuonyesha alichopata hufanywa baadaye, kiraka kikishakomaa, kwa kawaida karibu na mwezi wa tatu.